Mbona Wagonjwa wa Kansa Huenda kwa Waganga?

Mtu akipita asubuhi katika mtaa wetu wa Asiatique, hapa Bujumbura, ataona maduka ya vitambaa, ya vyuma na ya vyombo, na katikati yake ataona pia vijiduka vyenye magunia ya manjano, tangawizi, habasoda na ubani. Mtaa huu ulipata jina lake zamani za Wabelgiji, wakati mji ulipoitwa Usumbura na kila taifa la watu lilipotengewa mahali pake pa kukaa. Siku hizi watu wa kila namna wanakaa humu. Mimi nimekulia hapa, na tangu utoto nimeona watu wakiingia katika vijiduka vile, si kwa kununua viungo vya mchuzi, bali kwa kutafuta dawa. Baadhi yao ni wagonjwa wa kansa, ugonjwa uitwao pia saratani.

Siku moja darasani tulikuwa tukijifunza habari za seli, na mwenzetu mmoja akasema kwamba jirani yao anatibiwa kansa kwa majani ya mwarobaini. Darasa zima likacheka. Mimi nami nilicheka, ingawa nyumbani kwetu shangazi yangu alikuwa na chupa ya namna hiyo chini ya kitanda. Shangazi huyo alifariki katika likizo kubwa iliyopita. Tangu hapo nimejiuliza mengi, nimesoma na kuulizia, na nimeona yafaa niwaandikie wenzangu, na ninyi pia mliotutangulia katika shule hii, maana wengi wenu sasa mna wake na watoto, na nyumba zenu hazitakosa kupatwa na jambo hili.

Kwanza tufahamu kansa ni nini. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Kila seli ina mpango wake: huzaliwa, hufanya kazi, hugawanyika kwa kiasi, kisha hufa. Kansa huanza pale mpango huo unapoharibika, seli ikaanza kugawanyika pasipo kikomo. Uvimbe hukua, halafu baadhi ya seli zake huchukuliwa na damu mpaka mahali pengine, kama mapafu, ini au mifupa. Ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja, mara nyingi waweza kuondolewa. Ukiisha kutawanyika, kazi huwa ngumu sana. Lishike neno hili, msomaji, maana mengi nitakayosema yanategemea wakati.

Hospitali ina njia kubwa tatu: kuukata uvimbe, kuuchoma kwa mionzi, na kumpa mgonjwa dawa kali ziuazo seli zinazogawanyika upesi. Lakini mizizi ya nywele, utumbo na uboho wa mifupa pia vina seli zinazogawanyika upesi, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika na kupungukiwa damu. Hata hivyo dawa hizi si hadithi ya Ulaya tu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji huko Kampala, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto hao walipewa dawa, na uvimbe uliokuwa umeharibu uso ukayeyuka. Wengine wao walipona kabisa.

Basi, ikiwa hospitali yaweza kuponya, mbona watu huenda kwingine? Yafaa tutofautishe watu wa namna mbili. Wako wanaoshika matibabu ya hospitali na kuongeza mengine juu yake, kama chai ya tangawizi, kukandwa mwili, dua au maombi. Na wako wanaoiacha hospitali na kushika hayo mengine badala yake. Hawa hawafanani, wala hatari zao hazifanani. Lakini sababu zinazowaongoza hukaribiana, nami nimehesabu sita.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kisu. Watu wetu husema kwamba kansa ikiguswa na chuma hukasirika na kutawanyika. Msiwacheke, kwa kuwa neno hili limetokana na mambo waliyoyaona kwa macho yao. Katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa, kansa imekwisha tawanyika. Hukatwa, na baada ya miezi michache hufa. Jirani anayetazama huona mambo mawili yakifuatana: kisu, kisha mauti. Haoni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini kabla ya kisu.

Sababu ya pili ni njia ndefu na fedha nyingi. Mpaka mwaka 2020 Burundi ilikuwa haina hata mashine moja ya mionzi ya kutibu kansa. Mgonjwa ilimlazimu kwenda Kigali, ambako matibabu hayo yalianza mwaka 2019 katika hospitali ya jeshi, au Kampala, au Dar es Salaam katika taasisi ya Ocean Road. Na huko nako njia huweza kuzibika. Mwaka 2016 mashine ya Kampala iliharibika kabisa, na ilikuwa ndiyo ya pekee katika Uganda nzima; mpya haikuanza kazi mpaka mwaka uliofuata ulipokuwa ukiisha. Mwezi wa Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Tena mionzi si jambo la siku moja: mara nyingi mgonjwa hupigwa kila siku, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Anahitaji nauli, chumba, chakula, na mtu wa kumsindikiza aliyeacha kazi yake. Mganga yuko mtaa wa pili, hupokea faranga kidogo kidogo, na asipolipwa leo atalipwa mwisho wa mwezi.

Sababu ya tatu ni lugha na muda. Hapa nitasema yaliyotokea kwetu. Shangazi alipohisi kivimbe titini, kidogo kama punje ya kunde, alikwenda katika hospitali moja. Alingoja toka alfajiri mpaka saa nane, akaonana na daktari kwa dakika chache, akapewa karatasi ya Kifaransa na kuambiwa arudi na fedha za kupimwa kinyama. Hakuna aliyemweleza kinyama hicho ni cha nini. Alikuja nayo nyumbani akanipa, akasema, “Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Nisomee.” Nikasoma. Neno nililoliogopa lilikuwamo, na alama ya kuuliza mbele yake. Nikamwambia, “Ni uvimbe tu, shangazi. Wanataka kuutazama.” Akashukuru, akaikunja karatasi, akaitia katika sanduku lake la nguo, wala hakurudi tena kule.

Kwa mganga alikaa nusu ya siku. Aliulizwa habari za marehemu mumewe, za watoto, za usingizi na za ndoto. Aliitwa mama. Alieleweshwa kwa Kiswahili dawa ni mti gani, inywewe lini, na kwa nini. Dawa ile haikuwa na nguvu juu ya kansa, lakini maneno yale yalikuwa na nguvu juu ya hofu, na kwa siku nyingi hakupata popote pengine pa kuyasikia.

Sababu ya nne ni swali la “kwa nini mimi?” Daktari hueleza jinsi ugonjwa unavyokwenda, hawezi kusema kwa nini seli imeharibika katika titi la huyu na si la jirani yake. Mgonjwa hawezi kulala na swali lisilo na jibu. Mmoja ataambiwa ni jicho, mwingine ni mizimu, mwingine ni mtihani kutoka kwa Mungu. Katika mtaa wetu wapo wanaokunywa kombe, yaani maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji, na wapo wanaokesha katika maombi. Mtu akipata utulivu hapo, mimi siwezi kuuita bure, maadamu hakuambiwa atupe dawa zake.

Sababu ya tano ni mapenzi ya ndugu. Mtu akiugua, kila ajaye kumtazama huja na kitu mkononi: huyu mzizi, huyu asali, huyu unga uliotoka Uvira kwa bibi yake. Kukataa ni kuwavunjia heshima. Wagonjwa wengi hunywa bila kuamini, ili wasimhuzunishe aliyeleta. Nao ndugu hawana la kufanya lingine: hawawezi kuendesha mashine ya mionzi, lakini kuchemsha majani wanaweza.

Sababu ya sita ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni maumivu, pamoja na lile neno “hatuna la kufanya tena.” Mgonjwa akiisha kuambiwa hivyo na kurudishwa nyumbani akilia usiku, atakwenda popote. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Na kwa kweli neno lile mara nyingi si sawa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda huko Kampala, mahali pa kuwatuliza wagonjwa wasioweza kupona. Hapo hutumika mofini ya maji, yaani unga wa dawa uliochanganywa na maji na kutiwa katika chupa, kwa bei ndogo, ili mgonjwa ainywe nyumbani kwake. Uganda ilikwenda mbele hata ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika dawa hiyo, maana madaktari ni wachache. Kwa hiyo hata kuponya kukishindikana, kuna kazi ya kufanya. Palipo na mtu wa kuifanya, mgonjwa hana haja ya kutangatanga.

Mfano mkubwa wa mambo haya yote pamoja ulionekana Tanzania mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti uitwao mugariga. Aligawa kikombe kimoja kwa kila mtu, kwa shilingi 500 za Tanzania, na ilisemwa kwamba kikombe hicho huponya kisukari, kansa, UKIMWI na mengineyo. Watu walikuja kwa maelfu, kutoka Kenya na nchi nyingine pia. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi katika vumbi, na wabunge na mawaziri walikunywa pamoja na wakulima. Wengine walitolewa hospitalini ili wapelekwe, nao wakafia njiani au katika foleni. Kikombe hakikuondoa kansa wala UKIMWI, na baada ya miezi kadhaa umati ulipungua. Babu mwenyewe alifariki mwezi wa Julai 2021. Lakini tazameni alichowapa watu: bei moja kwa tajiri na maskini, dawa ya siku moja isiyo na kisu, na mzee aliyempokea kila mtu kwa mkono wake. Yote hayo mgonjwa huyatamani hospitalini, na mara nyingi huyakosa.

Wala tusiseme kwamba ni mambo ya maskini na wasiosoma. Bob Marley, ambaye nyimbo zake zasikika mpaka leo katika kila baa ya mji huu, alipatikana na kansa katika kidole cha mguu mwaka 1977. Hakukubali kidole kikatwe. Mwaka 1980 ugonjwa ulikuwa umetawanyika, akaenda Ujerumani kwa daktari Josef Issels aliyekuwa na matibabu ya namna yake mwenyewe, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki huko Miami, akiwa na umri wa miaka 36. Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alikuwa na fedha za kununua hospitali nzima. Lakini alipogunduliwa kansa ya kongosho mwaka 2003 alikawia miezi tisa akijaribu vyakula na dawa nyingine kabla ya kukubali kupasuliwa. Baadaye, kama mwandishi wa maisha yake alivyoeleza, aliujutia ukawiaji huo. Hofu ya kisu haiulizi mtu ana shahada gani.

Sasa, je, dawa za miti ni bure kabisa? Hapana. Liko ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, asili yake Bukini, lipandwalo siku hizi katika bustani nyingi za nchi za joto. Watu wa Jamaika walilitumia kwa kisukari. Wataalamu Robert Noble na Charles Beer walipolichunguza huko Kanada katika miaka ya 1950, waliona kwamba linapunguza chembe nyeupe za damu. Ndani yake ikatolewa dawa ya vinblastini, na ndugu yake vinkristini, ambayo mpaka leo huokoa watoto wenye kansa ya damu. Vile vile, katika miaka ya 1970 Wamarekani walichukua shehena kubwa ya mti wa jamii ya Maytenus kutoka vilima vya Shimba, karibu na Mombasa, ili watoe dawa iitwayo maitansini. Dawa ile ilipojaribiwa kwa watu ilikuwa sumu kali mno. Ilichukua miaka mingi mpaka jamaa yake ikafungamanishwa na dawa nyingine iipelekayo moja kwa moja kwenye seli za kansa, na mwaka 2013 Marekani ikaruhusu itumike kwa kansa ya titi.

Hapo ndipo penye somo. Miti kwa tani hutoa dawa kidogo sana, nayo ni lazima isafishwe, ipimwe na kujaribiwa. Majani yaliyochemshwa sufuriani huenda leo yakawa maji matupu, na kesho sumu ya ini. Hata kisicho sumu huweza kugombana na dawa za hospitali: maji ya balungi huzuia baadhi ya dawa zisivunjwe mwilini, zikazidi kipimo. Kwa upande mwingine, tangawizi huwasaidia baadhi ya wagonjwa wanaosikia kichefuchefu, na kukandwa mwili hupunguza wasiwasi. Mambo hayo hutuliza, hayaondoi uvimbe.

Lakini mbona tunasikia shuhuda za waliopona? Fikirini kama mnavyofikiri katika hesabu. Vivimbe vingi vya titi si kansa. Aliyekunywa dawa bila kupimwa huenda hakuwa na kansa hata kidogo. Mwingine alipasuliwa na pia akanywa majani, kisha akayasifu majani. Na waliokufa hawatoi ushuhuda. Mwaka 2018 madaktari wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 281 ambao kansa yao ilikuwa haijatawanyika mbali, nao wakachagua dawa za badala peke yake. Walipolinganishwa na wenzao 560 waliotibiwa hospitalini, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa wenye kansa ya titi ilizidi mara tano. Walipoteza wakati, ule niliowaomba mwanzo mshike neno lake.

Nirudi kwa shangazi. Nilipoiona chupa yake sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimetoka shuleni na kichwa kimejaa seli. Niliichukua nikaimwaga uani mbele ya watoto wake, nikasema hayo ni mambo ya ujinga. Hakunijibu. Alinunua nyingine, akaificha. Na kwa kuwa alijifunza kuficha chupa, alificha na mengine: kivimbe cha pili kwapani, kisha kidonda. Tulipojua ilikuwa imepita miezi minane. Tulichanga fedha, akasafirishwa Dar es Salaam, na huko ndiko alikoelezwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili, jina la ugonjwa wake. Ulikuwa umefika mifupani. Alinitazama, akasema, “Kumbe ndilo lile neno la karatasi yako.”

Kwa hiyo wenzangu, nawaomba mambo matatu. Mkipewa karatasi na mgonjwa msome kilichoandikwa, kwa upole lakini kwa ukweli, kisha mrudi naye hospitalini mkaulize. Mkiona chupa chini ya kitanda msiimwage. Ulizeni ni mti gani, na mumsaidie mgonjwa kumwambia daktari, ili daktari ajue vinavyogombana. Na ninyi mtakaokuwa madaktari na wauguzi, mkumbuke kwamba mgonjwa aliyetoka kwenu bila kueleweshwa yuko njiani kwenda mahali atakapoeleweshwa, hata kama atakayoambiwa huko si kweli.

Karatasi ile bado imo katika sanduku la nguo zake, imekunjwa kama alivyoikunja mwenyewe.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Asiatique